Injini ya Damu ya Mzee

Nyumbani kwetu hakukuwa na kitu cha rangi ya maruni. Shule iliyokuwa jirani, karibu kiasi kwamba mama angeweza kuniita chakula cha mchana nikiwa darasani, ilivaa sweta za maruni. Baba akanipeleka shule nyingine ng'ambo ya mto wa mchanga, mwendo wa saa nzima, ambako sweta zilikuwa za kijani. Mjomba wangu wa Kitui alipotuletea blanketi zito la rangi hiyo, baba alimshukuru sana, akamchinjia kuku, na mjomba alipoondoka blanketi likaenda kumfunika punda. Nilimwuliza mama sababu. Akasema, "Baba yako haipendi tu. Kuna watu hawapendi vitunguu." Nikaridhika. Mtoto huridhika na majibu ya namna hiyo, na akija kukua anakuta ameshazoea kutouliza.

Watu wa pwani huiita rangi hiyo damu ya mzee. Sisi huku Makueni tunasema maruni, basi.

Kwetu ni upande wa Kasikeu, chini kabisa, ambako shamba letu linaishia kwenye tuta la reli ya zamani. Njia ya kwenda mtoni, ambayo pia ilikuwa njia yangu ya shule, inavuka reli hiyo mahali ambapo hakuna geti wala mlinzi, ni kibao tu kilichopauka. Kila asubuhi baba alinivusha mwenyewe. Alinishika kifundo cha mkono, akatazama kulia, akatazama kushoto, akanivusha, kisha akasimama upande wa pili mpaka nipotee kwenye vichaka. Alifanya hivyo hadi nilipofika darasa la sita, na wenzangu wakanicheka mpaka wakachoka. Treni za siku hizo zilikuwa za buluu na manjano, na hazikumsumbua. Nilidhani ni baba mwenye uoga wa kawaida.

Nilikua nikawa fundi wa rangi. Karakana yangu iko Salama, nyuma ya hoteli za kando ya barabara kuu, na kazi yangu kubwa ni malori. Sikusomea chuo. Nina jicho tu. Mtu akiniletea mlango wa lori uliopigwa na jua miaka kumi, nitamchanganyia rangi ilingane nao mpaka mwenyewe asijue kidonda kilikuwa wapi.

Hilo jicho ndilo lililomleta kwangu msimamizi mmoja wa kampuni inayoendesha treni za mizigo kwenye ile reli nyembamba ya zamani. Alikuwa mtu mstaarabu, shati limepigwa pasi, simu mbili mkononi. Akaniambia wana injini ya dizeli, ya kisasa, ina kompyuta ndani, nao wanataka kuipaka rangi za wakati wa injini za mvuke: maruni mwili mzima na mkanda wa manjano ubavuni. Ni kumbukumbu ya historia, alisema. Tatizo lilikuwa maruni yenyewe.

"Tumejaribu mara mbili," akasema. "Ya kwanza ikatoka kama soda nyekundu. Ya pili kama maharagwe. Picha tuliyo nayo ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hakuna anayejua maruni yenyewe ilikuwaje."

"Wazee wa reli je?"

"Wameisha. Lakini kuna mama mmoja Kalamba. Mume wake alikuwa dereva. Sanduku lake la kazini alilipaka rangi ile ile ya injini yake. Tulituma mtu, mama akamfukuza." Akanitazama. "Wewe ni mtu wa huku. Labda wewe atakusikia."

Nilipanda pikipiki Jumamosi asubuhi nikaenda Kalamba. Nilimkuta mama mwenyewe nje ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda anapepeta pojo. Alikuwa na miaka zaidi ya themanini, mwembamba, macho yake mazima kabisa. Nilimsalimia, nikamwita Susu, kama tunavyomwita bibi kwa Kikamba. Akaniwekea kiti, akaniletea uji, na kabla sijasema nilichofuata akauliza wanachouliza wazee wote:

"Wewe ni wa kwa nani?"

Nikamtajia ukoo, nikamtajia babu yangu, nikamwambia kwetu ni chini ya Kasikeu, pale shamba linapogusana na reli.

Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Baba yako yuko?"

"Yuko, Susu. Ni mzee wa kanisa."

"Alikuwa na dada."

"Hapana. Baba alizaliwa peke yake."

"Nani amekuambia?"

"Yeye mwenyewe."

Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwa leso polepole, kidole kimoja kimoja. Kuku walikuja wakaanza kula pojo na yeye hakuwafukuza.  

"Alikuwa na dada," akarudia. "Mkubwa wake. Msichana wa miaka kumi na saba hivi. Hakuwa anasikia, tangu kuzaliwa. Alikuwa anatoka kuchota maji mtoni, kwenye visima vya mchangani, anavuka reli. Mume wangu ndiye alikuwa anaendesha. Alipiga honi, akapiga, akapiga, mpaka mkono ukamganda kwenye mnyororo wa honi. Msichana hakugeuka. Aliniambia hivi: alikuwa anatazama mbele anacheka, kama mtu ameona wa kwao." Akautazama ungo. "Injini ya mvuke yenye mizigo haisimami kwa sababu wewe umetaka isimame."

 Nilikuwa nimeishi miaka arobaini na tatu bila shangazi, na sasa nilikuwa nimempata na kumpoteza kabla uji haujapoa.

Mume wake hakuendesha treni tena baada ya mwaka huo. Alihamishiwa stoo, na alipostaafu alichagua Kalamba kwa sababu moja: hata upepo ukivuma vipi, treni haisikiki. Lakini sanduku hakulitupa. Lilikuwa chini ya kitanda, la bati nene, tarakimu nne zimepigwa kwa nyundo kwenye kifuniko, na mama alinionyesha nilivute mwenyewe. Nilipolitoa kwenye mwanga niliiona rangi. Haikuwa soda wala maharagwe. Ilikuwa nyekundu iliyozama, yenye weusi ndani yake unaojificha ukitazama moja kwa moja na kuonekana ukitazama pembeni.

"Kwangua huku chini," akasema. "Pasipopigwa na jua."

Nikakwangua kipande cha ukubwa wa kucha, nikakifunga kwa karatasi. Nilipoinuka akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vyenye nguvu.

"Paka rangi. Rangi ni rangi tu, hata blanketi lina rangi. Lakini namba ya injini yake usiiandike. Namba ni jina. Ukiita jina utaitikiwa."

"Siiandiki, Susu."

Nilisema hivyo kwa moyo wangu wote.

Kazi ilifanywa kwenye yadi moja Athi River, kando ya reli. Injini ilikuwa imeegeshwa peke yake chini ya paa la mabati, na nilikaa huko wiki mbili na vijana wawili wa kampuni wa kupiga msasa. Nilichanganya rangi siku nzima nikilinganisha na kile kipande. Jioni jicho likasema hapa, nami nikaacha. Tulipopiga tabaka la kwanza na rangi ikaanza kushika, askari wa yadi, mzee aliyekuwa ameshazoea kutupigia kelele tusivute sigara, alikuja akasimama. Akavua kofia. Nilimwuliza kuna nini. Akasema hajui, mkono umejivulia tu kofia.

Kuna sehemu ilinisumbua. Mbele, upande wa kushoto, chini karibu na bampa, pana eneo la ukubwa wa sahani ambapo rangi ilikataa kukauka. Mimi ni fundi, najua sababu za mambo kama hayo: mafuta yamebaki kwenye chuma, unyevu kwenye kompresa, thina mbaya ya kulainishia rangi. Nikafuta mpaka chuma, nikasafisha kwa petroli, nikapaka upya. Kesho yake ukigusa, kidole kinatoka chekundu. Nikafuta tena, nikabadilisha thina. Ni vile vile. Mara ya tatu nilipika sehemu ile kwa taa ya joto saa tatu nzima, ikatoka ngozi juu na ndani ikabaki mbichi. Injini nzima ilikuwa kavu inang'aa, na pale palikuwa na umajimaji. Vijana wakaanza kupita upande mwingine.

Siku ya kuandika namba msimamizi alikuja na stensili tayari. Nilipoziona zile tarakimu nne nilijua kabla ya kuuliza, lakini niliuliza.

"Hii ni namba ya injini gani?"

"Ya kwenye picha," akasema. Akanionyesha. Ilikuwa injini ya mvuke imesimama stesheni, na kwenye dirisha la dereva kulikuwa na mtu aliyeegemeza kiwiko, uso wake haukuonekana kwa sababu ya kivuli cha kofia. Namba ilisomeka wazi. Ilikuwa ile ile iliyopigwa kwa nyundo kwenye kifuniko cha sanduku la Kalamba.

Nikamwambia kuna mama aliyeniomba tusiitumie. Nikamwambia injini hiyo iligonga mtu.

Hakucheka. Namheshimu kwa hilo. Akasema, "Fundi, hakuna injini ya zamani ambayo haikugonga mtu. Wageni wanaopenda treni za zamani watakuja na picha hii mkononi. Tukiandika namba nyingine itakuwa uongo."

Ningeweza kuweka bunduki ya rangi chini nikaondoka. Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi. Lakini nilikuwa nimeshaipenda ile kazi. Nilikuwa nimeitengeneza rangi ambayo hakuna mtu mwingine nchini angeitengeneza, na nilitaka kuiona imekamilika. Hiyo ndiyo sababu yangu, sina nyingine. Nikabandika stensili nikapiga namba kwa manjano, mbele na pande zote mbili.

Asubuhi iliyofuata nilienda moja kwa moja kwenye ile sehemu ya bampa. Nikaweka kidole. Palikuwa pakavu kama kwingine kote.

Tuliambiwa injini ingeshushwa Mombasa na kupanda na mizigo, na msimamizi akanipa siku ambayo ingepita kwetu, karibu saa sita mchana, akidhani ningependa kupiga picha. Siku moja kabla nilienda nyumbani. Nilimkuta baba barazani anabangua mbaazi. Nikakaa, nikachukua fungu langu, tukabangua pamoja. Baadaye nikamwambia yote kwa mpigo mmoja: Kalamba, sanduku, rangi, namba, na kwamba kesho itapita hapa.

Aliendelea kubangua. Hakuniuliza kwa nini. Alimaliza zilizokuwa mapajani mwake, akakusanya maganda, akawapelekea mbuzi, akarudi.

"Mama huyo yuko na afya?" akauliza.

"Yuko, Asa." Sisi baba humwita Asa.

"Vizuri," akasema, akaingia ndani.

Kesho yake saa tano alitoka amevaa koti la kanisani na kofia. Akasema, "Twende." Tukashuka shambani, tukafika kwenye njia ya kuvukia. Hakukuwa na upepo. Jua lilikuwa limekaa wima juu ya kila kitu na vivuli vilikuwa vimejikunyata chini ya miguu yetu. Njiwa walikuwa wanalia kwenye migunga. Baba alichagua mahali pa kusimama, akasogea hatua mbili kulia, akarudi moja, mpaka akaridhika.

"Ilikuwa hapa," akasema.

"Nini, Asa?"

"Nilikuwa nimesimama hapa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulitoka mchangani pamoja, mimi sikuwa na mzigo, nikakimbia mbele nikavuka. Yeye akabaki pale ng'ambo, na debe mgongoni. Alikuwa ananingojea mimi nimwambie. Sikuzote nilikuwa namwambia. Yeye hakuwa anasikia, mimi ndiye nilikuwa masikio." Alinyanyua mkono wa kulia, kiganja chini, akakunja vidole mara mbili, vile unavyomwita mtu aje. "Nikamfanyia hivi."

Mkono ulibaki hewani.

"Sikutazama kona, mwanangu. Nilikuwa na njaa, nilitaka tufike nyumbani. Nilitazama yeye tu. Nikamwita, na yeye akacheka, akaja."

Nilitaka kumshika. Lakini tuna desturi zetu, baba na mimi, na katika maisha yangu sikuwahi kumshika isipokuwa yeye akinivusha pale pale. Kwa hiyo nilisimama tu karibu, mabega yetu yakigusana.

Treni tuliisikia kabla ya kuiona. Reli zilianza kuimba kwa sauti nyembamba. Njiwa wakanyamaza, wote kwa pamoja. Mbuzi wa jirani waliokuwa wanakula kwenye tuta waliteremka mmoja nyuma ya mwingine bila mtu kuwafukuza, wakaenda kusimama mbali, wametugeuzia migongo.

Injini ile niliipaka mwenyewe. Kila msumari wake nilikuwa nimeugusa. Lakini ilipojitokeza kwenye kona sikuitambua. Mwanga wa saa sita ulikuwa umeifanya nyeusi pembeni na nyekundu katikati, na ile namba ya manjano ilikuja mbele yake kana kwamba ndiyo inayoivuta. Ilikuwa inapanda polepole na mizigo. Halafu honi ikalia. Nilitazama reli. Hakukuwa na mtu, hakukuwa na mnyama, ni mawe tu na joto linalotetemeka. Honi ikalia tena, ndefu, ikalia tena. Breki zikashika, chuma kikapiga ukelele mpaka meno yakaniuma, na mabehewa yakaanza kugongana nyuma moja baada ya jingine mpaka mbali kwenye kona. Nilimtazama baba. Alikuwa amenyoosha mkono mbele, safari hii kiganja kimeelekea ng'ambo, vidole vimesimama. Alikuwa anamzuia mtu.

Injini ilisimama hatua kama ishirini kabla ya njia ya kuvukia.

Dereva alishuka haraka. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, na kwa lafudhi yake hakuwa mtu wa huku. Msaidizi wake akashuka upande wa pili. Dereva alipita mbele ya injini akiinama, akachungulia chini ya bampa, akachungulia upande huu na upande ule. Kisha akaja kwetu mbio.

"Ameenda wapi?"

"Nani?" nikauliza.

"Huyo msichana! Si amepita hapa mlipo?"

"Mimi sijaona mtu," msaidizi akasema nyuma yake. "Nilikuwa naangalia mbele pia. Nimeshangaa unapiga honi."

"Alikuwa katikati ya reli!" Dereva alikuwa anahema. "Alibeba kitu mgongoni, debe, lile la mafuta la zamani. Kamba imepita hapa." Akagusa paji la uso wake. Wanawake wa Kikamba walibeba mizigo hivyo, ukanda wa ngozi kwenye paji, tunauita mukwa. "Napiga honi hageuki. Alikuwa anaangalia huku kwenu, anacheka. Alikuwa anamwangalia huyu mzee."

Baba alishusha mkono. Akamsogelea dereva karibu kabisa, mpaka kofia yake ikakaribia kumgusa.

"Alivuka?"

"Nini, mzee?"

"Nakuuliza. Alivuka?"

Dereva akatulia. Nilimwona akirudi kichwani kutazama tena. Alikuwa mtu mkweli, hakutaka kumjibu mzee jibu la haraka.

"Alivuka," akasema. "Alinyanyua mguu akaruka reli ya pili. Nikamwona akiteremka huku kwenu. Ndiyo sababu nauliza, ameenda wapi?"

Baba alikaa chini, kwenye kokoto, na koti lake la kanisani. Huyu ni mtu ambaye huombea wagonjwa, mvua, harusi, na hata gari la mhubiri likikataa kuwaka; sijawahi kumwona akikosa maneno ya kumwambia Mungu. Siku hiyo hakuomba. Aliweka mkono mdomoni, na mabega yakaanza kutikisika, na mwanzoni sikujua analia au anacheka. Alikuwa anafanya vyote.

Msaidizi alirudi kwenye injini akazungumza kwenye redio, akasema kulikuwa na mtu kwenye reli na njia sasa iko wazi. Dereva alibaki nami. Nilimpa maji ya chupa niliyokuwa nayo.

"Hapa watu wanachota maji wapi?" akaniuliza.

"Bado ni mchangani, na kuna mfereji wa bomba juu kule. Lakini kwa mitungi ya plastiki, na punda. Tangu nizaliwe sijaona mtu na debe mgongoni."

Akarudisha chupa mkononi mwangu.

"Usiniambie hivyo, kaka. Bado nina safari mpaka Nairobi."

Akapanda. Injini ikanguruma, ikavuta, ikapita mbele yetu polepole sana, na ile rangi niliyoichanganya kwa mikono yangu ikapita karibu nami kiasi cha kuigusa. Sikuigusa. Mabehewa yalichukua muda mrefu kuisha. Baada yake njiwa walikaa kimya bado, na ilibidi niwapigie mbuzi mluzi ndipo wakarudi.

Jioni baba alikula vizuri. Akiwa anakula alinitajia jina la dada yake, mara ya kwanza maishani mwangu. Kisha akanieleza jinsi alivyokuwa: mtani, mwenye nguvu, aliyeweza kumwiga kila mtu kijijini kwa mwendo tu, mpaka watu wacheke. Alizungumza kuhusu msichana huyo hadi chai ikaganda utando. Jina lenyewe sitaliandika.

Wiki mbili baadaye nilirudi Kalamba. Nilikuwa na deni la ukweli, na nilitaka kulimaliza. Baba akasema tutaenda wote. Tulipofika mama alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda. Sikungoja uji.

"Susu, niliiandika ile namba."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Kama hukuiandika ungekuja mapema kuniambia." Hakuwa na hasira. Alikuwa anamtazama mtu niliyekuja naye.

Nilimweleza kilichotokea relini, nikasema kila neno alilosema dereva. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuniuliza kitu. Kisha akaniomba nimwongezee kuni jikoni, na nikaelewa kwamba natakiwa kuondoka. Lakini jikoni ni hatua tatu tu kutoka kwenye kivuli walimokaa, na ukuta ni wa fito. Nilisikia.

Kwanza walizungumza kuhusu mvua. Walizungumza kuhusu pojo, kwamba za mwaka huu zimeingiwa na wadudu mapema. Baba akasema kwetu ni mbaazi ndizo zimefanya vizuri kidogo. Nikasikia kuku wakichakura.

"Mume wangu aliishi hapa miaka mingi," mama akasema. "Hakuwa mtu wa maneno. Ile siku hakuizungumzia na watu, mimi tu. Na kwangu hakuwa anazungumza kuhusu msichana. Msichana alikuwa amemweka kwa Mungu. Alikuwa anauliza kuhusu kijana."

Nikasikia kiti cha baba kikilia.

"Aliona kijana ng'ambo, amenyanyua mkono. Aliona uso wake. Kila mara akisikia habari za upande wa Kasikeu alikuwa ananiuliza. Hata mwaka aliokufa, amelala hapo ndani, akaniuliza. Yule kijana wa ng'ambo, alikua? Mimi nikamwambia sijui. Sikuwa na mtu wa kumwuliza."

Nilishikilia kuni mkononi. Moto ulikuwa umeshika na sikuuongeza.

"Alikua?" mama akauliza.

Baba yangu ana miaka karibu sabini. Sauti iliyotoka upande wa pili wa zile fito sikuwa nimewahi kuisikia, ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyeitwa darasani.

"Nilikua, mama," akasema. "Nilikua."